Kuonja Kabla ya Kunywa

Nchini Italia mtu aletewapo divai nyekundu ya Chianti haigugumii. Kwanza huitazama rangi, kisha huinusa, ndipo aonje kidogo. Divai hiyo sharti itokane na zabibu za Sangiovese kwa asilimia 70 au zaidi, na lebo yake humjulisha mnywaji mahali ilikotengenezwa.

Hapa Tiira, na kote Busia na Tororo, elimu hiyo si ngeni. Ajono ya Wateso, pombe ya ulezi, nayo ina waonjaji wake. Unga huchachushwa, hukaangwa na kuanikwa juani, kisha huchanganywa na maji na kimea. Iliyoiva hunukia nafaka iliyokaangwa. Iliyoharibika hunuka siki. Kila mpika pombe aongezapo maji ya moto chunguni, wanywao kwa mirija mirefu hutambua ladha inavyofifia.

Lakini ulimi una mpaka wake. Hauwezi kuitambua methanoli iliyotiwa katika pombe kali ya magendo. Jijini Nairobi, mwezi Novemba 2000, sumu hiyo iliua watu zaidi ya 100, na wengine walipofuka. Anayeona ukungu machoni baada ya kunywa apelekwe hospitali bila kukawia.

Basi, tusiulize ladha tu. Tuulize pia nani ameitengeneza, na wapi. Chungu cha ajono hupikwa majirani wakiona. Chupa isiyo na lebo haina shahidi, na isiyo na shahidi isiingie nyumbani.