TELA HULEWESHWA GHALANI, SI BARABARANI

Ndugu wanachama,

Msimu wa mahindi na alizeti umefika, na pikapu ya ushirika imeanza tena safari za kuvuta tela. Na maneno nayo yameanza. Tela likionekana kwenye lami linapiga mkia huku na huku kama mlevi anayetoka kilabuni, hapa ghalani utasikia: "Dereva huyo! Hajui kazi." Wapo wanaotaka kamati imwonye, na wapo wanaotaka abadilishwe kabisa.

Maoni yangu ni tofauti, na nayaweka hapa ukutani ili kila mtu ayasome kabla ya mkutano mkuu. Mara nyingi tela haliyumbi kwa sababu ya dereva. Linayumba kwa sababu ya namna lilivyopakiwa. Ulevi wa tela hupikwa hapa ghalani, dereva anakwenda kuunywa barabarani.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu hapa analijua. Mkokoteni wa ng'ombe ukiujaza mzigo nyuma ya magurudumu, mti wake unainuka mbele na nira inawakaba ng'ombe shingoni. Baiskeli nayo, ukifunga gunia la mkaa mwisho kabisa wa keria, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unacheza mkononi. Hakuna mzee katika kijiji hiki atakayewalaumu ng'ombe. Atasema, "Shusheni, pakieni upya." Basi tela ni ndugu yake mkokoteni, tofauti ni kwamba linakwenda kasi zaidi.

Tela letu lina ekseli moja katikati. Mzigo ukielemea nyuma ya ekseli, mkono wa tela unainuka na kuinyanyua pikapu kwa nyuma. Magurudumu ya nyuma ya pikapu yanakosa uzito wa kushika barabara. Hapo hakihitajiki kitu kikubwa: upepo wa ubavuni, basi linalopita kwa kasi, shimo, au dereva kumkwepa mbuzi. Mkia unakwenda kushoto, unarudi kulia, unakwenda tena kushoto. Mwendo ukiwa mdogo, kuyumba huko hujifia kwenyewe. Mwendo ukipita kiasi fulani, kila mpigo unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia, mpaka tela linaigeuza pikapu njiani. Na tela lililopakiwa vibaya hufikia hatari hiyo katika mwendo ambao tela lililopakiwa vizuri bado limetulia kabisa.

Wengine watasema: "Si apunguze mwendo tu?" Ni kweli, mwendo mdogo unasaidia sana. Lakini anayeteremka Mlima Sekenke, kwenye njia ya Singida kwenda Nzega, anajua kwamba mteremkoni tela linasukuma. Mwendo unaongezeka hata kama mguu haupo kwenye mafuta. Dereva mwenye tela lililoelemea nyuma akifika pale, hana tena cha kuchagua.

Sasa mzigo mzuri ukoje? Hesabu yake si ngumu. Ya kwanza ni ya sita kwa nne: katika kila magunia kumi, sita yakae mbele ya ekseli na manne nyuma yake. Hiyo ni ya kuanzia tu. Ya pili ndiyo inayoamua: mkono wa tela, pale unapokaa kwenye ndoano ya pikapu, uwe unalalia kwa uzito wa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela na mzigo wake. Tuchukue mfano. Tela tupu likiwa na kilo 450, likapakiwa magunia kumi ya kilo 100, jumla ni kilo 1,450. Mkono wake unatakiwa uwe na uzito wa kati ya kilo 145 na kilo 217. Ukipungua hapo, tela litapiga mkia. Ukizidi mno, pikapu inakaa chini nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na usukani hausikii vizuri. Kwa hiyo si kusema turundike kila kitu mbele. Tena uzito huo usizidi ule ulioandikwa kwenye kitabu cha gari na kwenye ndoano yenyewe.

Tutaupimaje? Ndugu zangu, sisi ni ushirika, mizani tunayo! Kila siku inapima mahindi, haiwezi kupima mkono wa tela? Tela likishapakiwa, lisimame mahali pa tambarare, magurudumu yazuiwe kwa mawe mbele na nyuma, kisha mkono ukalishwe juu ya mizani kwa kimo kilekile cha ndoano, kwa kuweka gogo imara katikati. Tunasoma kilo. Zikipungua, gunia moja au mawili yanasogezwa mbele. Zikizidi, yanarudishwa nyuma. Kazi hiyo haimalizi hata muda wa kunywa chai.

Hapa lazima niseme neno juu ya lumbesa. Tumezoea kusema lumbesa inamwibia mkulima, na sheria ya vipimo inaikataza. Lakini lumbesa inaharibu pia hesabu ya tela. Gunia linaitwa la kilo 100 kumbe lina 130. Yakiwekwa manne ya namna hiyo nyuma, na mbele yakawa sita ya kilo 100 kweli, mbele kuna kilo 600 na nyuma 520. Kwa macho ni sita kwa nne, watu wanaondoka wakiwa na amani. Kwa kweli ile tofauti ya kilo 200 imebaki 80 tu. Macho hayapimi, mizani ndiyo inayopima.

Na ipo tabia nyingine ambayo hatuna budi kuiacha mara moja. Anayewahi anaweka gunia lake popote, anayechelewa anasukumia lake mwisho wa tela na kusema, "We weka tu hapo, si linafika?" Safari ya kurudi ni hivyohivyo. Mifuko ya saruji inaachwa mlangoni mwa tela kwa kuwa wapakiaji wamechoka kuisogeza mbele. Vitu vizito kama saruji na mahindi vikae chini, karibu na ekseli, vikielekea mbele kidogo. Alizeti, ambayo ni nyepesi na ina kimo, ikae juu, isirundikwe mpaka ikawa mnara wa kukamata upepo. Mzigo wote ufungwe kwa kamba na turubai, maana gunia likiserereka kurudi nyuma njiani, hesabu yote ya ghalani imekufa. Mkishusha sehemu ya mzigo mashineni, yaliyobaki yapangwe upya kabla ya kuendelea.

Pikapu yenyewe pia ina kikomo. Hii yetu tunaiita ya tani moja, lakini tani hiyo ni pamoja na watu waliomo na uzito wa mkono wa tela unaoilalia. Toa kilo 180 za mkono, toa kilo 150 za dereva na utingo, unabaki na kilo 670. Hayo ni magunia sita, siyo kumi. Anayeyafikisha kumi anaikalisha pikapu chini nyuma, halafu kesho anashangaa springi zimekatika. Na uzito wote wa tela usipite ule ambao kitabu cha gari kinaruhusu kuvuta.

Najua jambo ambalo litasemwa mkutanoni: "Basi safari zitaongezeka, na mafuta nani atalipa?" Ni swali halali, wala silikwepi. Gharama itaongezeka, na itatoka kwenye magunia yetu wenyewe. Lakini mezani tuweke gharama zote mbili. Pikapu ikipinduka, hatupotezi mafuta ya safari moja. Tunapoteza gari, tela na mazao ya wanachama wengi kwa siku moja, na huenda na roho za watu. Njia ile ile wanapita watoto wa shule, akina mama wenye ndoo na vijana wa bodaboda. Mkia wa tela linaloyumba unafagia mpaka pembeni ya barabara. Mtoto anayetembea pale hakupiga kura ya kuongeza magunia.

Wapo pia waliosikia kwamba kuna vyuma maalumu vya kufungwa kwenye ndoano ili kuzuia tela kuyumba, na kwamba pikapu mpya nyingine hujifunga breki zenyewe tela likianza kuyumba. Ni kweli vipo, na vinasaidia. Lakini chuma hicho hakigeuzi mzigo mbaya kuwa mzuri. Tusikimbilie kununua dawa wakati ugonjwa tunaujua na mizani tunayo.

Kwa hiyo napendekeza mkutano mkuu upitishe haya:

1. Tela lisitoke ghalani kabla mkono wake haujapimwa na kilo zake kuandikwa kwenye daftari la safari.

2. Lumbesa isipakiwe, awe mwenye gunia ni mjumbe wa kamati au nani.

3. Kila asubuhi, tairi zikiwa baridi, upepo upimwe kwa geji, wa tela na wa pikapu. Tairi laini huongeza kuyumba. Nati za magurudumu, beringi, ndoano na minyororo ya usalama vikaguliwe hapohapo.

4. Tela likifungwa kwenye ndoano lilale sawasawa. Mbele pakiinuka, mzigo unaegemea nyuma.

5. Likiwa na mzigo, mwendo usizidi kilomita 60 kwa saa kwenye lami na 40 kwenye vumbi. Penye makazi sheria inasema mwisho ni 50, na sisi twende chini ya hapo.

6. Mtu yeyote asipande juu ya mzigo wa tela. Asiyepata nafasi akatafute gari la abiria.

7. Dereva awe na haki ya kukataa kuondoka kama mzigo haukupangwa sawa, na asitukanwe kwa hilo.

Dereva naye anao wajibu wake. Tela likianza kuyumba, ashike usukani imara na ulionyooka, atoe mguu kwenye mafuta, aache mwendo upungue wenyewe. Asikanyage breki ya pikapu kwa nguvu, maana tela litaisukuma na kuikunja. Asijaribu kulifuatisha tela kwa usukani, atachelewa kila mpigo na kuuongezea nguvu. Wala asiongeze mafuta eti linyooke. Huko ni kukimbilia mwendo ule ule ulioleta balaa. Likishatulia, aegeshe pembeni, awashe taa za tahadhari, apange mzigo upya ndipo aendelee. Akifanya kinyume cha hayo, hapo tumwulize, tena kwa ukali. Lakini tumwulize baada ya kusoma daftari na kuona aliondoka na kilo ngapi kwenye mkono.

Ndugu wanachama, gari ni mali yetu, mazao ni jasho letu na dereva ni mwenzetu. Siku ya mkutano tusije na hasira za kumtafuta wa kufukuza. Tuje tukiwa tayari kujibu swali moja: je, tutakubali kupima? Anayekubali kupimiwa mahindi yake kwa haki, akubali pia kuupimia usalama mzigo wake.

Ushirika hoyee!

Mwanachama,
Kikundi cha Wapakiaji