Dawa ya mafua ya mtoto ipimwe kwa inakoingia

Na Kawira Njeru

Kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu unapotanda Kianjokoma, Nkubu na Timau, watoto wachanga huziba pua na nyumba nzima hukosa usingizi. Ushauri wa kwanza hutoka kwa nyanya: mvuke wa majani ya mkaratusi, asali ya Mbeere au Tharaka, tangawizi kidogo. Siku hizi kuna ushauri mwingine, wa Kihindi, unaosambaa kwa video za simu: mbegu za ajwani zilizokaangwa na kufungwa kitambaani, mafuta ya haradali yaliyopashwa moto na kitunguu saumu, maziwa ya manjano, kafuri, samli vuguvugu ya kutiwa puani. Sioni sababu ya kuzikubali dawa hizi zote eti kwa kuwa ni za asili, wala kuzikataa zote kwa kuwa hazikutoka hospitali. Ziulizwe swali moja: inaingia wapi? Inayobaki nje na kumpa mtoto joto inaweza kuvumiliwa. Inayoingia kinywani, puani au kifuani mwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka iachwe, isipokuwa maziwa ya mama na matone ya maji ya chumvi.

Asali ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Inaweza kubeba vimelea vya botulizimu, ambavyo tumbo la mtu mzima huvidhibiti lakini katika utumbo wa mtoto wa chini ya mwaka mmoja huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Kuichemsha kwenye chai hakuviui. Samli au mafuta yoyote yakitiwa puani huweza kuteleza hadi kwenye mapafu na kuleta nimonia ya mafuta, ambayo madaktari wa India na Arabuni wameieleza kwa miaka mingi. Kafuri ikimezwa, hata kidogo, huweza kuleta degedege. Ikipakwa kifuani, mvuke wake huingia puani, ndiyo maana marhamu zenye kafuri hazipaswi kutumiwa kwa watoto wa chini ya miaka 2. Sufuria ya mkaratusi, pamoja na harufu yake nzuri, ni maji ya moto karibu na mtoto, na manufaa yake kwa mafua hayajathibitishwa. Mafuta ya haradali huweza kuwasha ngozi changa. Kinachosalia ni mikono ya mama inayomkanda mtoto na nguo kavu zenye joto, na hivyo havihitaji duka.

Swali hilohilo linatufikisha kwenye jambo ambalo video hazilitaji, nalo ni moshi. Wakati wa baridi mtoto hukaa mgongoni mwa mama au karibu na mafiga, kuni zikiwaka. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa jikoni karibu huongeza maradufu hatari ya nimonia kwa watoto. Nyumba inayomkanda mtoto kwa ajwani huku akivuta moshi haijamtibu. Kumtoa jikoni na kufungua dirisha kuna faida zaidi kuliko kiungo chochote.

Wapo watakaosema kwamba nyanya zetu walitulea kwa dawa hizi na tukapona. Ni kweli tulipona, lakini mafua huletwa na virusi na kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki moja au mbili, kwa hiyo dawa yoyote iliyotumika siku hizo hupata sifa. Wasiopona hawapo kutoa ushahidi. Wengine watasema dawa za duka la dawa nazo zimeua. Hilo nalikubali bila kusita. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji zilizotengenezwa India na kuhusishwa na vifo vya watoto zaidi ya 60 nchini Gambia. Tangu 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani imeshauri kwamba dawa za mafua na kikohozi zinazouzwa bila agizo la daktari zisipewe watoto wa chini ya miaka 2. Kipimo changu hakipendelei chupa kuliko mzizi. Vyote viwili huingia mwilini.

Hoja nzito zaidi ni ya umbali: kutoka vijiji vya Mbeere au Igembe, safari ya hospitali ni nauli na siku nzima ya kazi. Ndiyo maana mama anahitaji kujua lini asingoje. Pua iliyoziba atibu nyumbani: robo kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji yaliyochemka na kupoa, matone mawili matatu kila tundu kabla ya kunyonyesha, kwa kuwa mtoto mchanga hupumua zaidi kwa pua na ikiziba hashiki titi. Kisha ahesabu pumzi dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, au kifua kinachobonyea ndani anapovuta pumzi, au kukataa kunyonya: hiyo si mafua tena, ni safari ya zahanati siku hiyohiyo.

Msingi wa kuwalinda watoto upo: Kenya ilianza kuwachanja dhidi ya nimokoka, bakteria inayoleta nimonia, mwaka 2011, na mwaka 2023 serikali iliwapa vifaa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000. Kaunti za Meru na Embu ziwatume hasa kwa nyanya, maana ndio wanaosikilizwa usiku mtoto anapokohoa. Nyanya anayejua kuhesabu pumzi atamwokoa mjukuu ambaye asali ingemchelewesha.