Siasa za Tumbo, kwa Maana Yake Halisi

Tunaposema "siasa za tumbo", kwa kawaida tunamkejeli mwanasiasa aliyehama chama kwa kufuata ulaji. Leo naomba niyatumie maneno hayo kwa maana ya wazi zaidi: ni nani anayeamua kinachoingia katika tumbo la mkazi wa Kingolwira, na kikishaingia humo kinamfanya nini, mwili na akili?

Nimetaja akili kwa makusudi. Kiswahili kilikwishalijua jambo hili kabla ya maabara. Mtu anayesubiri matokeo ya mtihani au hukumu ya mahakama husemwa kuwa yuko tumbo joto, wala hakuna anayeuliza tumbo linahusikaje na mtihani. Linahusika. Katika utumbo mpana wa kila mmoja wetu wanaishi matrilioni ya bakteria, na baina yao na ubongo zipo njia kadhaa za mawasiliano: neva ya vagasi, homoni, na chembe za kinga ya mwili. Takriban asilimia 90 ya serotonini, kemikali inayohusishwa na utulivu wa nafsi, hutengenezwa tumboni, si kichwani. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kuwa panya waliolelewa bila bakteria wowote tumboni hupandwa na homoni za taharuki kuliko panya wa kawaida wanapobanwa wasijongee, na kwamba kuwapa aina moja tu ya bakteria kulirekebisha hali hiyo. Mwaka 2019 utafiti wa Ubelgiji uliohusisha watu zaidi ya 1,000 ulikuta aina fulani za bakteria zimepungua kwa wenye sonona.

Hata hivyo, panya si binadamu, na mambo mawili kuonekana pamoja hakuthibitishi kuwa moja limezaa jingine. Serotonini ya tumboni, kwa mfano, haivuki kuingia ubongoni. Anayemuuzia mgonjwa wa sonona kopo la vidonge vya bakteria kama tiba anauza zaidi ya anachokijua.

Kwa upande wa mwili ushahidi ni mzito zaidi, na sehemu yake bora imetoka humu humu nchini. Mwaka 2014 wanasayansi walilinganisha bakteria wa tumboni mwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi na wa Waitaliano wa mjini, wakakuta hazina ya Wahadzabe ina aina nyingi zaidi. Mwaka 2025 ukachapishwa utafiti wa Kilimanjaro, uliofanywa na wataalamu wa KCMC ya Moshi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Wanaume 77 wenye afya njema walishiriki. Waliotoka vijijini, waliozoea mboga, kunde, ndizi na nafaka zisizokobolewa, walipewa kwa wiki mbili vyakula vya kukaanga na vya viwandani. Damu yao ikaonyesha dalili za mchochota, ule mwako wa ndani unaotangulia kisukari na maradhi ya moyo. Wa mjini walipopewa chakula cha asili, dalili hizo zilishuka. Kundi jingine lilikunywa mbege kwa wiki moja, nalo likapata nafuu ya namna hiyo. (Wapenzi wa kilabu wasishangilie mapema, sifa hapa ni ya uchachu na ulezi, si ya ulevi.)

Wiki mbili, ndugu msomaji! Kingolwira imo katika jaribio la namna hiyo kwa miaka, bila daktari wa kulisimamia.

Kata hii iko mlangoni mwa Morogoro kwa anayetoka Dar es Salaam, na barabara kuu huleta kila kitu. Mashamba yanakatwa viwanja. Bustani za matembele na mchicha zinapisha misingi ya nyumba. Dona imekuwa chakula cha kuonea haya, na sembe nyeupe ndiyo heshima, ingawa kwa kuikoboa tumemwaga pumba na kiini, chakula chenyewe cha bakteria wetu. Nyuzinyuzi tusizoweza kuzisaga sisi huchachushwa na wao, wakatoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Wakikosa nyuzinyuzi, baadhi yao hugeukia kula ute unaoukinga ukuta huo. Haya yanatokea chini ya milima ya Uluguru, ambako Mgeta inalisha mboga masoko ya Dar es Salaam, na katika mji wenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tangu 1984. Ukame hauwezi kuwa kisingizio chetu.

Sitaki nieleweke kuwa natukuza umaskini. Haydom, si mbali sana na Wahadzabe hao, watoto wamefuatiliwa kwa miaka na watafiti wa udumavu, na imeonekana jinsi maji machafu na uchafu wa mazingira unavyojeruhi utumbo wa mtoto hata chakula kisimfae. Huko huko watoto zaidi ya 1,000 walipewa antibiotiki kwa vipindi ili kuona kama watarefuka. Hawakurefuka. Dawa haikuziba pengo la maji safi na choo. Nalitaja hili kwa sababu mtaani kwetu antibiotiki imekuwa jibu la kila kuhara na kila mafua. Mtu hununua vidonge vinne dukani bila cheti, akiacha dozi njiani. Mafua hayo ni ya virusi, wala dawa haiwagusi. Wanaofyekwa ni bakteria wa tumboni wasio na hatia, na wanaobaki hujifunza usugu.

Bibi zetu walikuwa na togwa. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe waliwapa watoto wadogo togwa, wakawalinganisha na waliokunywa uji wa kawaida. Kwenye vinyesi vya wanywaji wa togwa vijidudu vya kuharisha vilikuwa vichache. Ulikuwa utafiti wa Kitanzania, wa unga na kimea, usiohitaji mfadhili wa kutuletea kiwanda. Leo ni wangapi kati ya wanasiasa wetu wanaoujua?

Chakula cha mchana cha shule zetu nyingi ni makande, nacho hutegemea michango ya wazazi. Watoto hukidharau, na wazazi wenye uwezo huwapa fedha za chipsi na soda. Mahindi yasiyokobolewa na maharage katika sufuria moja: mtaalamu wa lishe angeombwa apange mlo wa bakteria, asingekwenda mbali na hapo. Lakini mzazi asipochanga, mtoto wake hushinda na njaa, na mwalimu mkuu hana fungu la kumnusuru. Halmashauri ya Manispaa ina bajeti ya kila mwaka, na Kingolwira ina diwani anayeipigia kura. Katika bajeti ijayo, fungu la mahindi, maharage na maji safi ya shule za kata yake ni shilingi ngapi?