Anakula kwa mpira, mbona tumbo linajaa?

Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa Sh1.3 trilioni kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) kwa ajili ya mapambano dhidi ya Uviko-19, na sehemu ya fedha hizo ikaongeza vyumba vya wagonjwa mahututi katika hospitali zetu. Vitanda na mashine vikaongezeka. Lakini chakula kinachopita kwenye mpira wa puani, mara nyingi bado kinatoka nyumbani: uji kwenye chupa ya chai, maziwa, supu iliyosagwa.

Mkazi wa Wanging'ombe aliyeumia kichwa kwenye barabara kuu ya Makambako anaweza kuanzia Hospitali ya Ilembula, akizidiwa akapelekwa Njombe au Mbeya. Ndugu watafuata na chupa yao. Wakikuta mgonjwa anapewa vijiko vichache tu, lawama zinaanza: wauguzi wanamlaza na njaa. Wapo wanaosubiri nesi ageuke, wakaongeza uji kimyakimya.

Hapo ndipo pa hatari. Mwili uliozidiwa hupeleka damu kwanza kwenye moyo na ubongo, utumbo ukabaki na kidogo. Dawa za usingizi na za maumivu makali nazo hulilegeza tumbo. Chakula kikiingia kwa wingi hakisogei. Tumbo linajaa, mgonjwa anacheua, na kwa kuwa hana nguvu ya kukohoa, kinachopanda kinashukia kwenye mapafu. Wengi huugua nimonia kwa njia hiyo. Ndiyo sababu kichwa cha kitanda huinuliwa nyuzi 30 hadi 45, na si vizuri ndugu kukishusha ili mgonjwa "alale vizuri".

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ufaransa kwa wagonjwa zaidi ya 3,000, wote watu wazima waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia na dawa za kupandisha presha. Kundi moja lilipewa kilokalori 25 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, jingine 6 tu, kwa wiki ya kwanza. Vifo havikutofautiana. Waliolishwa kidogo walikuwa tayari kutoka ICU mapema zaidi, wakatapika kidogo na kuharisha kidogo. Hao hawakuwa watoto, na hospitali za Ufaransa si zetu, hivyo namba hizo asizibebe mtu kwenda kubishana wodini. Hata hivyo zinaonyesha kwamba daktari anayeanza taratibu hamnyimi mgonjwa chakula. Wazazi waliowahi kulaza mtoto mwenye utapiamlo mkali wanalijua hili: huanzishiwa maziwa mepesi ya F-75 kabla ya F-100, maana mwili uliokaa na njaa ukishibishwa ghafla, madini ya damu hushuka na moyo unaweza kusimama.

Kuharisha nako kunaeleweka vibaya. Watu huyalaumu maziwa, kumbe mara nyingi chanzo ni antibiotiki, au dawa za maji zenye sukari aina ya sobitoli. Chanzo kingine ni chupa yenyewe. Uji uliopikwa alfajiri ukakaa vuguvugu hadi mchana ni shamba la vijidudu, hata kwenye baridi ya Njombe. Uji mzito nao huziba mpira, ukabaki unasukumwa kwa bomba la sindano kwa nguvu. Kwa upande wa pili wapo wanaokaa siku tano bila choo, na hao hawasemwi kwa sababu hawachafui shuka.

Kwa maoni yangu, hospitali iliyoweza kuweka mashine ya kupumulia haishindwi kupika uji wa wagonjwa wachache, ukapimwa na afisa lishe. Mpaka hapo, ndugu apewe maandishi: chakula gani, mililita ngapi, saa ngapi, na maji kiasi gani ya kusafishia mpira baadaye. Asipopewa, aombe. Wala asisukume kitu chochote mwenyewe bila nesi kuhakikisha mpira uko tumboni.

Mwite nesi mara moja ukiona tumbo limekuwa gumu kama ngoma, matapishi ya kijani, damu kwenye choo, au mgonjwa anakohoa na kupumua kwa shida wakati analishwa.