Nani Huvipa Vitabu Heshima?

Mwaka 1920, katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, John Erskine alianzisha somo lililoitwa General Honors. Wanafunzi wachache, walioteuliwa kwa ubora wao, walisoma kitabu kimoja kila wiki kwa muda wa miaka miwili, tangu Homer hadi waandishi wa zama za karibu. Kisha walikutana jioni moja, saa mbili nzima, kukijadili. Kila duara liliwekewa walimu wawili, na hapana aliyewalazimisha kukubaliana. Hapakuwa na muhadhara. Palikuwa na kitabu mezani na watu waliokizunguka. Wenziwe walimpinga, wakidai kwamba Homer hasomeki kwa wiki moja. Erskine alishikilia kwamba vitabu vile havikuandikwa kwa ajili ya maprofesa, bali kwa ajili ya watu.

Jambo hilo lilikuwa jema, na anayelibeza kwa sababu tu limetoka Marekani hatendi haki. Mbegu yake ilifika Chicago, na mwaka 1937 chuo cha St. John's, mjini Annapolis, kiliugeuza mtaala wake wote ukawa ni usomaji wa vitabu vya namna hiyo. Hadi leo masomo ya heshima katika vyuo vya nchi ile yanajivunia duara dogo, kitabu kizima na mabishano ya ana kwa ana. Anayeijua darsa ya msikitini au baraza ya washairi hataona ugeni wowote hapo.

Dosari haikuwa katika namna ya kusoma. Ilikuwa katika mkono uliochagua. Mwaka 1952 Robert Hutchins na Mortimer Adler, ambaye alipata kuwa mwanafunzi wa Erskine, walitoa mkusanyo wa juzuu 54 wenye waandishi 74, ulioitwa Great Books of the Western World. Ndani yake hamkuwamo mwanamke hata mmoja. Chapa ya pili ilipotoka mwaka 1990, wanawake wanne waliingizwa, lakini hakuingia mwandishi mweusi hata mmoja. Adler aliulizwa, na akautetea uchaguzi wake.

Watetezi husema: mkusanyo ulijitaja wazi kuwa ni wa Magharibi, basi asiyekuwamo asilalamike. Hoja hiyo ingekuwa na uzito lau mlango wa darasa nao ungeandikwa vivyo hivyo. Somo lililofuata nyayo za General Honors hapo Columbia, lililoanza mwaka 1937, lilipewa jina la Humanities, yaani elimu ya utu. Mwanamke wa kwanza kutiwa katika orodha yake, Jane Austen, aliingia mwaka 1985. Karibu nusu karne vijana walifundishwa utu kutokana na nusu ya watu, tena nusu hiyo ikiwa ya upande mmoja wa dunia. Jina likiwa pana kuliko orodha, huo si uteuzi tena. Ni unyang'anyi wa jina.

Hujasemwa pia kwamba kazi za mwambao hazikujulikana? Tarehe zinakanusha. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ulichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934, kwa juhudi za Alice Werner na William Hichens. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ilitolewa London na huyo huyo Hichens mwaka 1939. Basi mwaka 1952, walipokuwa wakihesabu vitabu vikubwa bila ya kumpata mwanamke, utungo wa mama wa Kiafrika ulikwisha kuwa katika lugha yao kwa miaka 18. Lililokosekana ni nia ya kunyoosha mkono.

Wengine husema tenzi ni za dini mno, au ni za mahali padogo mno. Dante alitunga juu ya nini kama si Jahanamu na Pepo? Milton naye alianza na nini kama si anguko la Adamu? Dini yao haikuwazuia kuitwa walimwengu. Na kama Al-Inkishafi ni habari za Pate, mji mmoja uliokwisha fahari yake, basi utenzi mkuu wa Homer nao ni habari za mji mmoja uliozungukwa na ukuta. Kila utungo mkubwa una kijiji chake. Tofauti ni kwamba vijiji vingine vilikuwa na manowari, na vingine havikuwa nazo.

Hata hivyo, kuilaumu New York peke yake ni kazi rahisi. Afrika Mashariki ilikwisha kuidai haki yake: mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi iondolewe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Mwaka 1970 Dar es Salaam ikapata Idara ya Kiswahili. Mlango ulifunguliwa. Suali ni nini kinachosomwa baada ya kuingia.

Mara nyingi mno kinachosomwa ni vipande. Ubeti mmoja hung'olewa ili zihesabiwe mizani, vina viorodheshwe, mishororo ipewe majina; kisha mtihani hufanywa na utungo husahauliwa. Tangu skuli kijana huzoezwa kijitabu cha uchambuzi kabla ya diwani yenyewe, na huweza kupata alama za juu bila ya kumaliza utenzi mmoja. Al-Inkishafi haifiki beti mia moja. Anayeiacha bila ya kuisoma yote hawezi kusingizia urefu.

Kwa hiyo vyuo vya Unguja, Dar es Salaam na Kilifi na vifanye lile alilofanya Erskine, kwa orodha iliyo sahihi. Wanafunzi kumi au kumi na watano. Utungo mmoja mzima kila wiki. Jioni moja ya kuughani na kuujadili. Waanze na Chuo cha Herekali cha Bwana Mwengo, cha mwaka 1728, wapite kwa Muyaka bin Haji na Mwana Kupona, wafike kwa Shaaban Robert na walio hai. Homer na Dante nao wawemo, kwani kulipiza unyimi kwa unyimi si elimu. Walimu wawe wawili: mmoja mwanachuoni, mmoja malenga, wote wawili wakilipwa sawa. Hilo si geni. Mashairi ya Muyaka yamesalimika kwa kuwa Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya vinywani mwa watu, na mmisionari W. E. Taylor waliketi pamoja wakayafanyia kazi.

Tena hati za Kiarabu zifundishwe kwa lazima. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina ya miswada ya tenzi iliyokusanywa mwambaoni, mingi kwa hati hizo. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili asiyeweza kuisoma hupita mbele ya urithi wake kama mgeni anayesubiri mkalimani.

Pingamizi la mwisho litakuwa la fedha. Lakini somo hili halihitaji maabara wala jengo. Linahitaji nakala kumi na tano za utungo mmoja, mkeka, taa, na watu wawili wanaoujua. Chuo kisichoweza kupata hayo kwa ajili ya Al-Inkishafi kisilalamike kwamba Chicago haikuiona.