Kivuli kwanza, kiyoyozi baadaye
SAUTI YA JIRANI
Na Mwanaidi Shekilindi

Pita Posta saa tisa alasiri mwezi wa Februari uyatazame majengo ya vioo yanayoelekea magharibi. Mapazia yameshushwa yote, ndani taa zinawaka mchana kweupe, na viyoyozi vinanguruma. Kioo kiliwekwa ili kilete mwanga, sasa mwanga umezibwa kwa pazia, na joto lililokwisha kupenya tunalilipia umeme ili litoke. Hasara hiyo ilichorwa kwenye ramani kabla ya tofali la kwanza.

Dar es Salaam iko karibu na ikweta, hivyo jua la adhuhuri hupita juu ya paa. Ukuta wa kaskazini au wa kusini hukingwa vizuri na ukingo wa paa tu. Kazi iko mashariki na magharibi, ambako jua huja likiwa chini na kuingia hadi mezani. Wasanifu wa miaka ya 1950 na 1960 walilijua hilo. Ndiyo maana majengo mengi ya wakati wao katikati ya jiji yana vizuizi vya jua vya zege, kuta za matofali ya matundu na veranda za kupokea kaskazi na kusi. Beda Amuli naye, alipochora Soko la Kariakoo miaka ya 1970, aliliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege inayokinga jua, inayoacha nafasi za hewa na mwanga, na inayokusanya maji ya mvua. Ni Mtanzania aliyefanya hivyo, hapa hapa, kwa joto hili hili.

Sisemi viyoyozi ving'olewe. Chumba cha upasuaji kinakihitaji, na mzee mwenye presha anakihitaji usiku wa Januari. Ila kikiwekwa kwenye chumba chenye kivuli, kidogo kinatosha.

Kisha kuna gesi iliyomo ndani ya kiyoyozi, na hili linanikera kuliko yote. Mpangaji akihama, fundi huja na spana, hulegeza nati ya bomba, gesi ikafoka hewani mpaka ikaisha, akateremsha mashine. Kilo moja tu ya gesi aina ya R410A ikitoka hivyo inaongeza joto la dunia sawa na tani mbili za hewa ya ukaa, yaani kama kuchoma zaidi ya lita 850 za petroli. Na kuizuia ni kazi ya dakika chache. Mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi, fundi anafunga valvu ya bomba jembamba kwa alenki, kompresa inaivuta gesi irudi kwenye mashine ya nje, anafunga valvu ya pili, anazima. Gesi inahama na mwenyewe, wala halipii kujaza upya. Kompresa ikiwa imekufa, hapo inatakiwa mashine ya kunyonya gesi na mtungi wake. Fundi wa mtaani haimudu peke yake, lakini chuo cha ufundi kinaweza kuwa nayo na kuikodisha.

Makubaliano ya Kigali ya 2016 yameziwekea nchi nyingi zinazoendelea ratiba: kiwango cha gesi za jamii ya R410A kisipande kuanzia 2024, kisha kishuke kwa asilimia 80 ifikapo 2045. Gesi ya R22, ambayo ni ya zamani zaidi, inafika mwisho wake 2030. Anayevutiwa leo na bei ya kiyoyozi cha mtumba cha R22 ananunua mashine ambayo kesho gesi yake itatafutwa kwa tochi.

Halmashauri inapopitia ramani huangalia nguzo, mipaka na shimo la maji taka. Iongeze maswali mawili kwenye kibali cha ujenzi: dirisha la magharibi limekingwa na nini, na hewa inaingilia wapi na kutokea wapi? Ramani isiyo na majibu irudishwe kwa mwenyewe. Ianze na majengo ya Serikali, maana umeme wake unalipwa kwa kodi zetu.