Sakafu imechakaa, nani alipe?

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo. Nataka tuzungumzie kitu ambacho kila mpangaji anakikanyaga kila siku lakini hakikumbuki mpaka siku ya kuhama. Nazungumzia sakafu.

Kwa sisi vijana tulioanza kazi juzijuzi hapa Dar es Salaam, kuhama ni sehemu ya maisha. Unalipa kodi ya miezi sita, unampa dalali kodi ya mwezi mmoja, na zile nyumba zenye fenicha ndani zinazopangishwa kwa muda mfupi mara nyingi hudai na amana juu yake. Muda ukiisha, mwenye nyumba anakuja kukagua. Dari haitazami, anainama chini. Hapa pamekwaruzika, pale pamefifia, hiki kigae kina ufa. Ukija kushtuka, amana yote imekwisha. Na hiyo ndiyo pesa uliyokuwa unaitegemea kuingilia nyumba nyingine!

Rafiki yangu mmoja alikatwa gharama za sebule nzima kwa sababu ya kigae kimoja kilichopasuka. Kimoja tu. Nilipomuuliza kama fundi alikuja kweli kubomoa sebule, akacheka. Mpangaji aliyemfuata alivikuta vigae vilevile, na ufa wake uleule.

Msimamo wangu ni huu: kuchakaa ni kwa mwenye nyumba, kuharibu ni kwa mpangaji. Tunagombana kwa sababu tunavichanganya viwili hivi.

Kuchakaa ni nini? Ni ile njia inayofifia kutoka mlangoni mpaka jikoni kwa sababu watu wanapita. Ni mikwaruzo midogo ya mchanga, maana mji wetu ni wa pwani na mchanga unaingia na viatu, unasugua sakafu kama msasa. Ni rangi nyekundu ya sakafu ya saruji kupauka. Hayo yote kodi imeshayalipia. Ukimtoza mpangaji tena, umemuuzia kitu kimoja mara mbili. Kuharibu ni kitu kingine. Ni kuburuta jokofu badala ya kulinyanyua, ni kupasulia kuni ndani, ni kuacha bomba linavuja mpaka sakafu ya mbao inavimba. Hapo mpangaji alipe, tena bila maneno mengi.

Sheria yenyewe iko upande huo. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inamtaka mpangaji airudishe nyumba katika hali aliyoikuta, lakini haimbani kwa uchakavu wa kawaida. Majirani zetu wa Kenya nao wana sharti kama hilo katika Sheria yao ya Ardhi ya mwaka 2012. Sheria yetu pia inatambua upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, na inakubali ufanyike hata kwa mdomo. Mtego uko hapo. Makubaliano ya mdomo hayakumbuki sakafu ilikuwaje siku ya kwanza. Na ni nani ataomba ruhusa kazini, akapange foleni kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba kudai laki mbili? Wengi wetu tunasamehe, tunahama na hasira zetu.

Halafu kuna hili la vigae. Chukua sarafu, gonga kigae kimojakimoja. Kinachotoa mlio wa kitu kitupu, ujue chini yake hakuna saruji ya kutosha. Fundi aliweka matonge machache akapita. Kigae cha namna hiyo kinapasuka kwa kishindo kidogo tu, hata cha mfuniko wa sufuria. Je, ni haki mpangaji alipie kazi mbovu ya fundi ambaye hakumwajiri yeye?

Nisieleweke vibaya. Wenye nyumba wote si wakorofi. Wapo wastaafu waliotia kiinua mgongo chao chote kwenye nyumba moja, na wapo wapangaji wanaoondoka usiku wakiacha nyumba kama gofu. Ndiyo maana dawa ninayoipendekeza inawalinda wote wawili.

Kwanza, siku ya kuingia mzunguke pamoja, mpangaji na mwenye nyumba, chumba hadi chumba. Pigeni picha za sakafu, ziwe na tarehe, kila mmoja abaki nazo kwenye simu yake. Andikeni kasoro kwenye karatasi moja, mweke saini. Kazi ya dakika kumi tu.

Pili, mpangaji aitunze sakafu. Tandika kitambaa cha kufutia miguu mlangoni. Kata vipande vya mpira wa tairi la ndani, vifunge kwenye miguu ya viti na meza. Mtungi wa gesi uweke juu ya kibao, usije ukaacha duara la kutu kwenye kigae. Likishatokea, ndimu na chumvi huweza kulitoa kwenye vigae vya kawaida. Ila usithubutu kuweka ndimu kwenye sakafu ya saruji au marumaru halisi ya jiwe, maana asidi inazila.

Tatu, kitu kikivunjika, toa taarifa siku hiyohiyo. Ukikificha chini ya zulia, siku ya kuhama utaonekana mwongo hata kwa yale ambayo hukuyafanya.

Nne, mwenye nyumba aweke akiba ya vigae vichache tangu siku ya ujenzi, kwa sababu rangi ya dukani hubadilika na kukipata kinachofanana ni shida. Akitoza, atoze kigae kilichovunjika na ufundi wake, aonyeshe na risiti. Aangalie na umri wa kitu. Kama zulia la plastiki la kudumu miaka mitano limeshatumika minne, mpangaji aliyelichana hawezi kulipia jipya zima. Alipie ule mwaka mmoja uliobaki.

Laki mbili kwa mwenye nyumba inaweza kuwa ya rangi ya ukuta. Kwa kijana anayetafuta chumba kingine kabla mwezi haujaisha, ndiyo tofauti ya kulala kwake na kurudi kujibanza kwa shemeji. Tusiiache ipotee kwa sababu ya mkwaruzo ambao hakuna aliyeuandika popote.

Naomba kutoa hoja.